Kisangani: kutembea na gari siku ya wikendi, njia zipi zinafaa na zipi ni za kuacha

Mwenye gari la mbio mjini Kisangani ana shida moja kila Jumamosi: lami nzuri inaisha mapema, na mbele yake kuna udongo mwekundu na msitu. Bukavu wana mteremko wa Ngomo kwenye njia ya Kamanyola. Wanaotoka Rwindi kupanda Kanyabayonga wana kona za Kabasha, na bonde zima linaonekana chini yao. Kisangani haina mlima. Mji uko kwenye mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na msitu wa bonde la Congo unauzunguka kila upande.

Hata hivyo, wakaaji wenye gari, jipu au pikipiki wanatoka. Vijana wanataka kona na mwendo. Wazazi wanataka mahali pa kupeleka watoto wakale liboke kando ya maji. Na wanaorudi nyumbani kutoka Kampala, Dubai au Ulaya wanataka kuonyesha wageni kwamba Tshopo ina uzuri wake. Njia za kufanya hivyo zipo, ila si zote zinafaa kwa kila gari, na kwa wakati huu kuna zile ambazo mtu wa matembezi hana sababu ya kuzipita.

Kona za msituni zinatoka wapi

Njia za milimani zina kona kwa sababu gari haliwezi kupanda moja kwa moja. Msituni sababu ni maji. Waliochora barabara hizi wakati wa ukoloni walikwepa mabwawa na mito midogo, kwa kuwa kila mto ulitaka daraja, na kila daraja lilitaka pesa na watu wa kulitengeneza. Wakafuata migongo ya ardhi iliyo juu kidogo. Ndiyo maana dereva anayetoka Kisangani anakuta mstari mrefu ulionyooka, halafu kona ya ghafla, mteremko mfupi, daraja la mbao au la chuma, na mpando upande wa pili.

Hapo ndipo penye raha, na ndipo penye hatari. Kona nyingi zinaishia kwenye daraja la njia moja. Anayeingia kwa kasi hajui kama upande wa pili kuna lori, ng'ombe, au mtu anayesukuma baiskeli yenye magunia manne ya makala.

Za karibu: Wagenia, Tshopo na Masako

Kwa mwenye gari la chini, matembezi mazuri ni yale yasiyotoka mbali na mji. La kwanza ni maporomoko ya Wagenia, upande wa mashariki, kwenye komini ya Kisangani. Ni mwisho wa maporomoko saba ya Boyoma, yanayoanza Ubundu na kushuka kwa zaidi ya kilomita 100 hadi mjini. Wavuvi wa Wagenia wanasimamisha miti mikubwa katikati ya maji makali na kufunga juu yake mitego mirefu ya umbo la pia. Anayefika asubuhi mapema anawakuta wakikagua mitego, na samaki wananunuliwa hapo hapo.

La pili ni daraja la mto Tshopo, upande wa kaskazini, pamoja na bwawa la umeme la SNEL na maporomoko yake. Wazee wa mji hawapiti daraja hili bila kukumbuka Juni 2000, jeshi la Rwanda na lile la Uganda walipopigana ndani ya Kisangani kwa siku sita, tarehe 5 hadi 10. Daraja lilikuwa kati ya sehemu zilizogombewa sana. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye iliiamuru Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake nchini. Leo watu wanapita hapo na mikungu ya ndizi na madumu ya mawese, na Jumapili familia zinakaa kando ya maji kupiga picha.

La tatu ni njia ya zamani ya Buta. Baada ya kilomita 14 hivi unafika kwenye msitu wa hifadhi wa Masako, ambapo wanafunzi na walimu wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanafanyia utafiti wa panya, vipepeo na miti. Ni njia ya udongo, nyembamba, miti inakutana juu ya kichwa. Pikipiki inaifaa kuliko gari. Wakati wa ukavu, gari dogo lenye dereva mwenye subira linaweza kufika. Gari la mbio, hapana.

Bengamisa na Banalia: njia ya siku nzima

Ukivuka daraja la Tshopo na kuendelea kaskazini, uko kwenye barabara ya kitaifa namba 4, RN4, ile inayokwenda Buta na Bondo. Bengamisa iko kwenye kilomita 50 hivi. Banalia, makao makuu ya teritware, iko kwenye kilomita 128, kwenye ukingo wa mto Aruwimi.

Mhimili huu ulikuwa umefungwa na msitu wakati wa vita, na kwa miaka mingi baiskeli peke yake ndiyo ilipita. Ulifunguliwa tena na mradi wa Pro-Routes, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia pamoja na Uingereza, ambao uliidhinishwa mwaka 2008. Tangu wakati huo hali yake inapanda na kushuka kulingana na mvua na malori.

Kwa anayependa kuendesha, kipande cha hadi Bengamisa ndicho kinachozungumzwa zaidi. Kina kona, kina vijiji, na mtu anaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Vijijini unakuta lituma, ndizi zilizopondwa, na samaki wa kukaushwa kwa moshi. Anayefika Banalia anapata zawadi nyingine: mto mpana, mweusi, wenye kivuko. Kivuko kikiwa kizima, gari linavuka. Kikiharibika, safari inaishia pale, na mitumbwi inachukua watu na pikipiki tu.

Banalia ina habari ndefu pia. Julai 1888, Major Barttelot, ofisa Mwingereza wa msafara wa Stanley, aliuawa hapo kwa risasi na mmoja wa watu wa msafara wa wapagazi waliotolewa na Tippu Tip. Huyo Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, alikuwa ameteuliwa na Mfalme Leopold wa Pili mwaka 1887 kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo. Kiswahili kinachosemwa mjini kiliingia na misafara hiyo, kwa njia za miguu ambazo baadaye nyingine zilifanywa barabara. Kilikuja pamoja na biashara ya pembe na ya watumwa, jambo ambalo vijiji vya mto Aruwimi havijalisahau.

Yangambi: kona chache, mambo mengi ya kuona

Yangambi iko takriban kilomita 100 magharibi ya mji, ukingo wa kulia wa mto Congo. Kabla ya kufika lazima kuvuka mto Lindi kwa kivuko. Barabara imeharibika sehemu nyingi na inataka jipu lenye nguvu ya magurudumu manne. Wengi wanaenda kwa pikipiki, na wengine wanaacha gari kabisa na kuchukua boti.

Karibu na mahali Lindi inapoingia mto Congo kuna Yakusu, misheni ya zamani ya Wabaptisti wa Uingereza iliyojulikana kwa hospitali yake na matunzo ya wagonjwa wa ukoma. Mwaka 1958 watu wa sinema kutoka Hollywood walikuja eneo la Stanleyville na Audrey Hepburn kupiga picha za filamu ya The Nun's Story.

Yangambi yenyewe ilijengwa na Wabelgiji kuanzia 1933 kama kituo kikuu cha utafiti wa kilimo, INEAC, ambacho leo ni INERA. Hapo ndipo watafiti walipofahamu jinsi mchikichi wa aina ya tenera unavyozaliwa, ule unaotoa mafuta mengi na sasa umepandwa hadi Malaysia na Indonesia. Kuna jumba la mimea iliyokaushwa lenye vielelezo takriban 150,000. Tangu 2020 kuna pia mnara wa CongoFlux wenye urefu wa mita 55, unaopima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka msituni. Nyumba za matofali na barabara pana zenye miti pande zote mbili bado zipo, nyingine zimefunikwa na majani.

Kwa mtu wa matembezi, Yangambi inataka siku mbili: Jumamosi ya kwenda, Jumapili ya kurudi. Anayejaribu kwenda na kurudi siku moja anajikuta njiani usiku.

Ng'ambo ya kushoto: Ubundu na mstari wa ikweta

Kisangani haina daraja la kuvuka mto Congo. Anayetaka njia ya Ubundu anavuka kwanza kwenda komini ya Lubunga. Kutoka hapo kuna reli ya kilomita 125, iliyomalizika mwaka 1906 ili kuzunguka maporomoko, na kuna barabara ya udongo inayopita msitu wa hifadhi wa Yoko. Kabla ya kufika Ubundu, barabara inakata mstari wa ikweta.

Kwa macho, hii inaweza kuwa njia nzuri kuliko zote. Miti mikubwa ya limbali inasimama karibu kabisa na barabara. Mwaka 1951 John Huston alichagua mto Ruiki, upande wa Ubundu, kupigia picha za The African Queen na Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Ubundu wakati huo iliitwa Ponthierville.

Lakini njia hii ina uzito mwingine. Kasese na Biaro, vijiji vilivyo kwenye barabara hiyo, vilikuwa kambi za wakimbizi wa Rwanda mwaka 1997, na wengi walikufa au waliuawa pale. Na tangu mwanzo wa 2023, mgogoro wa ardhi kati ya Wambole na Walengola umeua watu, umechoma vijiji na umewafukuza maelfu hadi mjini. Kipindi fulani kuna utulivu, kisha fujo zinaanza tena. Mtu anayetaka kwenda huko kwa raha tu anatakiwa kuuliza kwanza Lubunga, kwa watu waliotoka njiani siku hiyo hiyo, na kukubali jibu hata kama halimpendezi.

Lubutu na Bafwasende: si za matembezi

Barabara mbili nyingine zinatajwa sana na wapenda mwendo. Ya kwanza ni RN3, inayopita Lubutu na Walikale kwenda Bukavu. Zamani ilikuwa kati ya barabara bora za nchi, na kipande chake karibu na Walikale, mahali panapoitwa Kilambo, kilikuwa kimenyooka na kigumu hivi kwamba ndege ndogo zilitua juu yake kuchukua madini ya kasiterite. Machi 2025 waasi wa M23 waliingia Walikale, kisha wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Tangu hapo barabara hii ni njia ya jeshi na ya wanaokimbia. Gari la raia linalokwenda kwa kasi kwenye njia kama hiyo linajitafutia matatizo.

Ya pili ni upande wa mashariki wa RN4, njia ya Ituri, inayokwenda Bafwasende kwenye kilomita 260 hivi, kisha Nia-Nia, Epulu na Mambasa. Kwa biashara ni mshipa mkubwa: bidhaa nyingi zinazouzwa Kisangani zinatoka Butembo na Beni kwa njia hii. Kipande cha kwanza, hadi uwanja wa ndege wa Bangboka uliofanyiwa ukarabati, ni lami na ndicho kipande pekee ambapo gari la mbio linajisikia nyumbani. Ni kilomita 17 tu. Mbele zaidi ni malori, mashimo, na ukikaribia Mambasa ni hofu ya ADF.

Gari gani, na kwa msimu gani

Gari la mbio la kawaida lina nafasi ya sentimita 10 hadi 13 kati ya tumbo lake na ardhi. Land Cruiser ina 20 na zaidi. Malori yanayopita wakati wa mvua yanachimba mifereji miwili ya magurudumu, na katikati kunabaki mgongo wa udongo unaokauka kama saruji. Huo mgongo ndio unaopasua sanduku la oili la gari la chini, na fundi wa karibu anaweza kuwa umbali wa siku moja. Matairi membamba ya pembeni nayo yanakatwa na mawe ya laterite.

Jambo jingine linalosahaulika ni usukani. Magari mengi yanayoingia kutoka Japan kwa njia ya Mombasa na Dar es Salaam yana usukani wa kulia, na Congo tunaendesha upande wa kulia. Dereva wa gari hilo haoni mbele ya lori analotaka kulipita mpaka gari lake lote liwe limetoka nje. Kwenye kona ya msituni hiyo ni kama kufumba macho.

Ndiyo sababu wengi wa wanaotembea wikendi Kisangani wanachagua pikipiki. Inavuka kwa mtumbwi, inapita pembeni ya shimo, na kila kijiji kina mtu anayejua kuziba mpira.

Kuhusu msimu, Kisangani inapata mvua karibu mwaka mzima, lakini Januari na Februari ndiyo miezi iliyo na nafuu, na Juni na Julai mvua inapungua kidogo tena. Mvua ikinyesha, bariere za mvua zinafungwa kwenye barabara za udongo, na malori yanatakiwa kungoja saa kadhaa hadi udongo unyonye maji. Magari madogo mara nyingi yanaachwa kupita. Heshima inataka dereva naye angoje, kwa kuwa lori moja au jipu moja likipita kwenye matope linaweza kuharibu kazi ya mwezi mzima.

Jua linatua muda mfupi baada ya saa 18, mwaka wote, na giza linaingia haraka. Asiyekuwa amegeuza gari saa 14 ajue atalala njiani. Na kabla ya kutoka, karatasi zote ziwe mkononi: leseni, karatasi ya gari, bima, ukaguzi wa ufundi. Bila hizo, kila kizuizi kinakuwa bei.

Barabara ni uwanja wa watu

Anayetafuta kona nzuri anapaswa kujua nani anaishi kwenye kona hizo. Kwenye njia za Tshopo, nyumba ziko mita chache tu kutoka barabarani. Watu walivutwa karibu na barabara wakati wa ukoloni ili wailimie na kuitunza, na hawajahama. Mpunga na mihogo vinaanikwa pembeni ya udongo, watoto wanakwenda shule kwa miguu kwenye mstari, na jamaa wa toleka anasukuma baiskeli yake mpandoni akiwa ameinama nyuma ya mzigo, hana hata nafasi ya kugeuza shingo.

Toleka kwa Kilingala ni "tupite". Baiskeli hizo zililisha Kisangani wakati wa vita, barabara zote zilipokufa, na hadi leo makala, mawese na ndizi vinaingia mjini kwa migongo ya vijana hao. Pikipiki au gari linalopita kwa kasi kilomita 90 kwenye kona linamwachia vumbi ambalo kwa sekunde kadhaa linamfanya kipofu. Lori likimfuata nyuma, hataonekana.

Kuna pia suala la nani analipa. Kuna mfuko wa kitaifa wa matengenezo ya barabara, FONER, ulioundwa mwaka 2008, ambao unapata pesa kwenye kila lita ya esanse na kwenye ada za barabara. Kuna Ofisi ya Barabara, na mjini kuna OVD. Lakini kwenye vipande vingi, kazi ya kila siku ya kufyeka majani na kufungua mifereji inafanywa na kamati za vijijini, kwa jembe na panga, na malipo yao yakichelewa mifereji inaziba. Maji yakikosa pa kupita yanapita katikati ya barabara, na msimu mmoja unatosha kuigeuza kuwa shimo ambalo lori linalala wiki nzima.

Hivyo, wanaotembea mara kwa mara kwenye njia ya Bengamisa wana mazoea machache. Wanapunguza mwendo kabla ya nyumba ya kwanza ya kijiji, si baada ya kuiona. Wanapiga honi kabla ya kona, si ndani yake. Wananunua kitu njiani, hata kama ni mkungu mmoja wa ndizi, na wanauliza hali ya daraja linalofuata. Mwenye kibanda cha ndizi anajua mambo ambayo ramani ya simu haijui: ubao gani umevunjika jana, bariere gani imefungwa, na kama ni busara kuendelea au kugeuza.